Inveta ya Duka Langu la Maziwa: Kasoro Ilikuwa Kwenye Waya

Nina duka dogo la maziwa huku Umoja. Friji moja, mizani, taa mbili, basi. Maziwa huletwa alfajiri kutoka Kiambu. Mengine nauza yakiwa freshi, mengine nagandisha mala. Mwaka jana stima ilipotea jioni, ikarudi kesho yake saa nane mchana. Nilimwaga lita 34. Bado nayaona yakiteremka kwenye mtaro mbele ya wateja wangu, meupe, na harufu ya kuchacha imejaa kibarazani. Wiki hiyo hiyo nikaanza kutafuta inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama stima ya ukutani.

Jenereta niliifikiria nikaiacha, kwa sababu nyuma ya duka hakuna nafasi, na moshi ule hauwezi kukaa na watu ndani.

Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi, kila nilikoingia niliulizwa, "Mathe, unataka ya wati ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikarudi dukani kwangu nikamwita fundi mwenye klampu mita, kile kifaa kinachobana waya na kusoma ampea bila kuukata. Friji ikitembea ilisoma 0.7. Akaizima, tukangoja dakika kumi, akaiwasha. Namba iliruka hadi 4.6, ikashuka hapo hapo. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo ni zaidi ya wati 1,000 kwa kufumba na kufumbua, hata kama friji ikishatulia haifiki 200. Ile ya wati 500 niliyokuwa karibu kuilipia isingeweza kuiamsha.

Nikachukua ya 1,500, yenye chaja yake ndani, inayohamia betri yenyewe stima ikipotea. Nilishikilia iwe pyua sain, yaani umeme wake upande na kushuka kwa ulaini kama stima ya kawaida. Za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi ngazi. Mota ya friji ikilishwa huo hunguruma na kupata joto.

Betri ilinisumbua zaidi. Lithiamu ni nyepesi na unaweza kuitumia karibu yote, lakini mfuko wangu haukufika. Nilinunua ya jeli, volti 12, ampea-saa 200. Kwa hesabu ya kuzidisha ni wati-saa 2,400, ila betri ya aina hiyo ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua mapema, kwa hiyo mimi nahesabu 1,200. Friji yangu huwaka na kupumzika, kwa wastani inakula wati 55 hivi. Ongeza taa, mizani na kile inveta inachokula yenyewe, napata usiku mzima. Betri ya gari usidanganywe nayo. Imeundwa kupiga stata mara moja na kujazwa tena, si kunyonywa polepole hadi asubuhi.

Siku ya kufunga, fundi aliweka betri sakafuni karibu na mlango na inveta juu ya rafu ya nyuma, umbali wa mita tatu, akaunganisha kwa waya wa milimita mraba 6. Taa ziliwaka. Friji ilipotaka kuanza, inveta ikalia pii-pii-pii ikazima. Tukarudia, ikazima tena. Fundi akasema inveta ni mbovu, nirudishe dukani.

Sikurudisha. Nilimwomba binti wa saluni jirani draya yake, tukaiwasha kiwango cha chini, kama wati 600, kisha tukapima kwa mita. Kwenye betri: volti 12.2. Kwenye inveta: 11.1. Volti nzima na zaidi ilikuwa inapotelea njiani. Niliushika ule waya, ulikuwa na joto kama chupa ya chai. Wati 600 kwa volti 240 ni ampea mbili na nusu tu. Zile zile kwa volti 12 ni ampea 50, na upotevu ukiongeza zinakaribia 60. Friji ikijaribu kuanza, zinapita 90. Waya ule haukuwa na uwezo huo, na kama ungeshika moto hakukuwa na fyuzi ya kuukata.

Tulihamisha inveta hadi ubavuni mwa betri, si juu yake, ili ipate hewa. Kebo sasa ni ya milimita mraba 35, urefu wa sentimita 70 kila upande, lagi, vile vichwa vya chuma vya ncha za kebo, zimebanwa kwa mashine. Fyuzi ya ampea 125 iko kwenye kebo ya chanya, kiganja kimoja kutoka kwa betri. Tulirudisha draya: 12.2 na 12.1.

Jambo moja nilikataa kabisa. Fundi alitaka kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, auchomeke kwenye soketi ya ukutani ili inveta ilishe duka zima. Meno ya plagi hiyo yakichomoka yana stima tupu. Mtu akisahau kuzima swichi kubwa, umeme wangu unatoka hadi kwenye laini ambapo kijana wa watu yuko juu ya nguzo akiamini imezimwa. Friji, mizani na taa zina soketi zake zinazotoka kwenye inveta peke yake.

Mwezi uliopita stima ilienda saa mbili usiku. Niliketi kwenye kreti ya maziwa nikisubiri. Baada ya dakika chache friji ikaguna, ikaanza, na taa haikupepesa.