Siku ya posho na mbwa wawili

Leo siku ya posho. Wasomaji wa mbali mnaosema Jumamosi mtanisamehe. Huku Lubumbashi wazee wetu walizoea kupokea unga na samaki wa Union Minière, kampuni ya migodi. Chakula kiliisha zamani, jina likabaki. Na posho yangu mimi bado ni unga, ila walaji ni mbwa saba. Unga wa Zambia ukikwama mpakani Kasumbalesa, wao ndio wa kwanza kupunguziwa bukari (ugali wetu), baada yangu.

Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani. Hata uso sijanawa, nikampima joto jike langu Batasema: 38.1. Bado. Leo ni siku ya 60 tangu apandwe, na jike hubeba mimba siku 63 hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Joto likishuka hadi 37 hivi, ujue watoto wako mlangoni. Kipimajoto nilikinunua kwenye famasi ya Kenya (mtaa wetu, si nchi), na dada aliyeniuzia akanitakia mtoto apone haraka. Nilimshukuru tu.

Jina Batasema nilimpa mwaka niliouza vipuri vyangu vya motoka vya mwisho nikasema nafuga mbwa wa kuwinda. Ukoo mzima ulikuwa na la kusema. Basi kila jioni nikimwita langoni, mwenye kuelewa anaelewa.

Habweki. Damu yake ni ya wale mbwa wadogo wa msituni, masikio wima, mkia umekunjwa kama kisahani. Akifurahi hutoa sauti ya mtu anayeimba akiwa na mafua. Wazungu wanawaita basenji, na mwaka 1937 waliwaonyesha London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, watu wakajaa kuwashangaa. Lisikilize vizuri hilo jina: ni washenzi tu, washenzi wetu wa kila siku. Kwa kuwa hawapigi kelele, wawindaji wa msituni huwafunga kengele ya mti ili wajue mbwa yuko wapi. Mimi namfunga ya mbuzi. Majike wa aina hii hutaka dume mara moja kwa mwaka, wengine mara mbili. Ukikosea dume, umekula hasara ya mwaka mzima. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema ufugaji ni pesa ya haraka, nacheka hadi nakohoa.

Kazi ya leo ilikuwa shambani, barabara ya Kasenga, mahindi ya mzee mmoja yanayoliwa na ndezi, wale panya wakubwa wa majanini. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, majani yamempita mtu kichwa. Nilimpeleka Tutaona, dume wa miezi 14. Mzee alikuwa ameniambia akimpenda atamnunua. Alipomwona tu:

– Papa, hii imbwa iko inauma?

– Haiumi, tate.

– Sasa ni ya nini?

Swali hilo naulizwa kila wiki. Watu wanataka mbwa anayeuma, anayekimbia, asiyeogopa kitu. Kukimbia simfundishi mbwa yeyote, amezaliwa nako. Namfundisha kusimama.

Nilikuwa sijui hivyo mwaka juzi. Kulikuwa na dume mmoja, Sijali, pua yake sijaona tena mfano wake. Mteja alilipa nusu, akanisukuma kila siku kwa simu, nami nilihitaji pesa ya karo. Nikamtoa akiwa na miezi tisa. Alijua kufuata harufu, alijua wavu, alijua kurudi akiitwa kama hakuna kinachomvuta. Kusimama katikati ya mbio nilikuwa nimempa siku nne tu. Baada ya mwezi akamwona funo, yule swala mdogo wa vichakani, akaenda. Wakapiga filimbi, akaenda. Walimkuta kesho yake kwenye mtego wa waya, mguu umekatika hadi mfupa, amekwisha. Mteja hakunidai hata furanga moja. Ingekuwa afadhali angenidai.

Tangu hapo hakuna anayetoka kwangu kabla ya mwaka. Mtoto wa wiki nane anaanza na filimbi: milio miwili mifupi, kisha chakula, hadi miguu ianze kukimbia kabla kichwa hakijafikiri. Miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo sijadiliani na mtu, mtaa wangu umejaa watoto. Meno yanapobadilika, kati ya miezi minne na sita, sivutani naye kitu chochote, maana fizi zinauma na atashika kichwani kwamba kubeba ni maumivu. Baadaye naburuta ngozi ya ndezi kwenye majani, hatua ishirini, kisha mia, kisha naiacha ilale saa nzima ndipo namfungulia. Na mwisho kamba ya mita kumi na mlio mmoja mrefu. Mlio huo ni wa kusimama. Miezi mitano ya mlio mmoja! Mke wangu anasema hata yeye akiusikia jikoni anasimama.

Leo basi. Tulitandaza wavu upande wa kichuguu, vijana wawili na fimbo, Tutaona akaingia majanini. Kengele ikawa inasema polepole, kisha ikaharakisha. Ndezi wawili wakatoka, mmoja akanasa. Kabla hatujashangilia, funo akaruka kutoka pembeni, hatua kumi mbele ya pua ya mbwa. Kengele ikawa mlio mmoja usiokatika. Nikapiga filimbi, mdomo mkavu.

Kengele ikanyamaza.

Alikuwa amesimama na mguu mmoja wa mbele juu, hajaushusha. Mgongo wote unatetemeka, mate yanadondoka, shingo inaelekea kwa funo na jicho linaniangalia mimi. Nilitembea hadi kwake bila haraka, nikamshika kifuani. Moyo wake ulikuwa unagonga kiganja changu kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Mzee akatikisa kichwa. “Umeiharibu, papa. Nyama inapita, yeye anaangalia.” Akanilipa ya ndezi, mbwa hakumchukua. Vijana wake wakacheka. Nilirudi na Tutaona kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, na sitawadanganya, nilikuwa nimeshapiga hesabu ya unga kwa pesa ile ya mzee.

Kupe kumi na mmoja nimewatoa masikioni mwake na katikati ya vidole. Usiku huu anakula nyama ya kichwa cha ndezi.

Saa tatu nimempima tena Batasema. 36.9. Amekataa bukari, hata yenye mchuzi wa fretini, wale samaki wadogo. Nimemwekea magunia mawili kwenye kona, nimechemsha uzi na wembe, nimevuta kiti. Mke wangu ameleta chai, ameuliza tutawapa majina gani, nikamwambia tusubiri kwanza wafike.

Sasa anakwangua gunia.