Mbele ya mchoro wa Waterhouse

Jana nilisimama mbele ya The Lady of Shalott, mchoro wa John William Waterhouse wa mwaka 1888, pale Tate Britain, jumba la sanaa la London, na bado sijatulia. Nilishauona mara nyingi kwenye simu, lakini simu haionyeshi ukubwa wake: upana ni kama mita 2.

Hadithi yenyewe ni ya enzi za Mfalme Arthur, mfalme wa ngano za Uingereza, kama mshairi Mwingereza Tennyson alivyoisimulia kwa shairi. Mwanamke amefungwa na laana ndani ya mnara. Anafuma kitambaa, na dunia ya nje anaiona kwenye kioo tu. Siku Lancelot, shujaa wa Mfalme Arthur, anapita, mwanamke anakwenda dirishani kumtazama. Kioo kinapasuka. Anashuka mtoni, anapanda mashua kuelekea Camelot, makao ya Mfalme Arthur, na anafia njiani.

Waterhouse amechagua dakika ile anapoachia mnyororo wa mashua. Tazameni mishumaa pale mbele, kwenye omo: mitatu, miwili imeshazimika. Na kile kitambaa alichokifuma muda wote huo kimening'inia ubavuni hadi majini, kazi yake yote inalowa! Hapo ndipo nilipoumia, kuliko hata kwenye uso wake ambao wengi huusifia.

Wapo wanaosema wachoraji wa enzi ya Malkia Victoria walipenda mno kuchora wanawake wanaokufa kwa uzuri. Ni kweli, na linanikera. Ila huyu simwoni kama mtu wa kuhurumiwa tu. Alijua laana ipo, na bado akatazama.

Mlioko London, mkusanyiko wa kudumu hauna kiingilio. Nendeni mkamwone.