Bi Cicely kwenye bomba la maji
Jana usiku umeme uliporudi, mimi na mama tulitazama filamu ya 1974 ambamo mwigizaji Cicely Tyson anaigiza Jane Pittman, mwanamke wa kubuni aliyezaliwa utumwani Marekani akaishi hadi miaka 110. Niwasimulie mwisho wake. Bibi huyo, mgongo umepinda, mkongojo mkononi, anatembea polepole kuelekea bomba la maji ya kunywa lililotengwa kwa wazungu tu. Askari wanamkodolea macho. Anainama, anakunywa, anageuka, anaondoka. Hasemi neno. Mama aliziba mdomo kwa upindo wa kanga, nami machozi yakanitoka.

Kumbe wakati ule Cicely hakuwa hata ametimiza miaka 50! Uzee wote ule ni vipodozi na kipaji.

Alizaliwa Harlem, New York, 1924, wazazi wake wakiwa wametoka kisiwa cha Nevis, huko Karibea. Mama yake, mshika dini, hakutaka kusikia habari za uigizaji, akamfukuza nyumbani. Bado aliendelea, tena akikataa nafasi zinazomdhalilisha mtu mweusi, hata kama ni kukaa bila kazi.

Ila kilichonishika hasa ni hiki: 2013 alirudi jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na kushinda Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, akiwa na miaka 88. Themanini na nane, jamani! Alifariki 2021.

Mama yangu ana 70, na juzi alisema umri wa kwaya umeshampita. Leo asubuhi nimemkuta jikoni anakoroga uji, anaimba sauti ya pili.