Gilbert wa Mkono Mweupe

Jumapili, usiku.

Tukisikia visa vya Robin Hood, yule haramia wa msituni na mlenga mishale wa hadithi za Uingereza, kati ya wafuasi wake wengi wetu tunamkumbuka Little John, labda na mtawa Tuck. Mimi wiki hii nzima niko na Gilbert wa Mkono Mweupe. Yumo ndani ya A Gest of Robyn Hode, shairi la beti 456 za mistari minne minne kama tenzi zetu, lililopigwa chapa mwanzoni mwa karne ya 16. Anatajwa mara chache mno, lakini akitajwa, shabaha yake ni sawa na ya bwana wake: kwenye mashindano ya liwali wa Nottingham, Robin anapasua fito, Gilbert naye anapasua. Mnamo 1501 mshairi wa Uskoti, Gavin Douglas, aliwataja wawili hao pamoja katika mstari mmoja. Zama hizo jina la Gilbert halikuhitaji maelezo.

Kilichoninyima usingizi ni ile siku ya msituni. Mfalme Edward amekuja kajificha ndani ya joho la abate, mkuu wa watawa. Wanaume wanalenga shada la waridi, mbali hata mfalme anasema shabaha imezidi kwa hatua hamsini. Sharti ni kwamba anayekosa anapoteza mshale wake na kupigwa kichwani, bila kofia. Little John anakosa, Scathelock, mfuasi mwingine, anakosa, na Robin anawatandika kwelikweli. Halafu Robin mwenyewe anakosa, kwa vidole vitatu na ushee.

Vidole vitatu tu, tena mbele ya mgeni! Gilbert anasema: bwana, mshale wako umepotea, jongea upokee malipo yako. Bado anamwita bwana. Robin habishi. Anamkabidhi abate mshale na kumwomba ampige, na mfalme anakunja mkono wa joho, anamchapa nusura aanguke.

Mwezi uliopita mkuu wangu wa kazi alisoma hesabu yenye kosa kikaoni. Niliiona. Niliinamia daftari langu. Ripoti ilipotoka, lawama zikamwangukia kijana mgeni wa uhasibu, naye akazipokea bila kuinua macho. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Kesho nitagonga mlango wa mkuu kabla ya chai ya saa nne. Yule kijana ana barua ya onyo kwenye faili lake, na hesabu haikuwa yake.