Ukuta wangu ulipata surua kabla haujapendeza

Aliyeniingiza mkenge ni shemeji yangu. "Shemeji, hiyo kazi ya sponji hata mtoto anaiweza. Unachovya, unagonga ukutani. Unachovya, unagonga. Jioni umekaa kwenye kochi unauangalia ukuta wako." Nikamwamini kwa sababu yeye hupiga rangi mageti, na kwa akili zangu za wakati ule geti na sebule vilikuwa kitu kimoja.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya kochi, uwe na mawingu-mawingu: rangi mbili zinazoingiliana kiasi kwamba mtu hajui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Maua sikuyataka, vibandiko sikuvitaka.

Basi nikapiga nyeupe chini, ile isiyong'aa kabisa. Juu yake nikachagua kahawia iliyokolea, maana nilitaka "ionekane". Sponji nikachukua ya kuoshea vyombo, mpya, ya njano. Nikachovya, nikagonga. Ukutani ikabaki alama ya mstatili yenye pembe nne kamili, kama mhuri. Nikajipa moyo kwamba ukitazama kwa mbali vitachanganyika. Nikagonga mihuri asubuhi nzima. Kumbe ile sponji ilikuwa na tundu moja kubwa upande wa kushoto, lenye umbo la sikio, na kila nilipogonga, sikio lile lilibaki ukutani. Ukishaliona moja, basi, huoni kingine. Niliyahesabu masikio mpaka arobaini nikaacha. Halafu mkono wa asubuhi ulikuwa mwepesi, wa alasiri umechoka na mzito, kwa hiyo upande mmoja wa ukuta ulikuwa na madoa mepesi na mwingine umejaa matope.

Nikampigia shemeji. "Ongeza rangi, kaza mkono." Nikaongeza, nikakaza.

Mama mkwe alikuja jioni ile. Alisimama mlangoni, akatazama, akauliza kwa upole wa kweli: "Mwanangu, huu ukuta una surua?" Mume wangu, mtu wa amani, akasema yeye anaona kama chui.

Nikaufunika wote. Kahawia ile ilipenya mkono wa kwanza wa rangi, ikapenya wa pili, ikanyamaza kwenye wa tatu. Nikashangilia mpaka nilipowasha taa ya pembeni usiku: yale madoa yote yalikuwa bado yapo, safari hii kama vinundu vyeupe juu ya ukuta mweupe. Rangi ya sponji huwa na unene wake, na mwanga ukitoka ubavuni hausitiri kitu. Ilibidi nipige msasa ukuta mzima, nifute vumbi, nianze tena. Hili hakuna aliyeniambia. Ukikosea, piga msasa kwanza ndipo ufunike.

Mara ya pili sikumuuliza mtu anayepiga mageti. Rangi ya chini nikapiga yenye mng'ao wa wastani, kwa sababu ile isiyong'aa inakunywa. Ukiweka rangi ya juu imeshanyonywa, huwezi kuisogeza wala kuipunguza. Nikaiacha siku nzima ikauke. Rangi ya juu nikachagua kwenye kadi ileile ya rangi niliyochagulia ya chini, hatua mbili tu chini yake. Zilipokuwa kwenye makopo zilionekana kama zinalingana, nikaogopa kwamba nitafanya kazi bure. Ukutani tofauti ilionekana vizuri sana. Rangi zikitofautiana mno ndipo unapata chui.

Jambo jingine ni kwamba rangi ya juu haipakwi kavukavu kama ilivyo. Huchanganywa na glezi, kitu cha majimaji ambacho ndani ya kopo ni cheupe kama maziwa lakini kikikauka hakina rangi. Kazi yake ni kuifanya rangi iwe nyepesi kiasi kwamba ile ya chini inaonekana, na ichelewe kukauka ili upate muda wa kuichezea. Mimi nilipima kwa kikombe kimoja: rangi moja, glezi nne. Changanya yote ya ukuta mzima kwa pamoja, maana ikiisha katikati hutaipata tena ileile hata upime vipi.

Sasa ujanja wenyewe, na huu nilijifundisha kwa hofu. Nilikuwa najaribu kwenye ubao niliokuwa nimeupiga rangi ya chini, nikaweka glezi nyingi mno, ikaanza kuchuruzika. Nikakamata kilichokuwa karibu, fulana kuukuu ya mume wangu, nikaikunjakunja, nikaigandamiza pale ili ninyonye ile ziada. Nilipoiondoa, nikakuta wingu! Mikunjo ya kitambaa ilikuwa imeacha mishipa laini, haifanani hata miwili. Nikageuza kiganja, nikagandamiza tena, wingu jingine. Kumbe siku zote nilikuwa nagombana na ukuta kwa kuweka rangi, wakati kazi ni kuiondoa. Unapaka kwa brashi bila kujali urembo, kisha unadonoa kwa tambara, ukizungusha kiganja na kulikunja upya kila mara. Tambara likishiba, badilisha, vinginevyo linairudisha rangi ukutani. Nilimaliza fulana 5. Moja, nimeambiwa, haikuwa kuukuu. (Glezi yangu ilikuwa ya maji. Kama yako ni ya mafuta, matambara yatandaze nje yakauke, usiyarundike pamoja, kwa sababu yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.)

Ule ubao niliuegemeza nyuma ya kochi siku mbili, niuone mchana na usiku, ndipo nikaugusa ukuta. Nikazima feni, nikafunga pazia kwenye jua, maana vyote viwili hukausha glezi kabla hujaifikia. Nikaenda kwa mistari ya wima, upana kama urefu wa mkono wangu mmoja, juu hadi chini, na ukingo nikauacha wa kuchanikachanika, si ulionyooka. Ukingo huo lazima uwe bado mbichi unapoanza mstari wa pili. Ukiwa wawili ni rahisi zaidi: mmoja anapaka, mmoja anadonoa. Kwenye kona tambara haliingii, nikatumia kipande kidogo cha sponji nilichokinyofoanyofoa kwa kucha mpaka kikafanana na kitu kilichotafunwa na panya. Utepe wa pembeni, ule unaobandikwa ili rangi isivuke ukuta wako, uvute kabla rangi haijakauka kabisa, la sivyo unaondoka na magamba.

Gharama sikuandika. Ukiacha ile kahawia ya surua, nadhani nilitumia chini ya nusu ya alichotaka fundi. Ukiihesabu kahawia na mikono mitatu ya kuifunika, tusiongee.

Nilikuwa nimefika mstari wa tatu, mkono umeshazoea, natamba peke yangu, simu ikaita. Shemeji. Anataka kujua naendeleaje. Tukaongea dakika kama kumi, yeye akinieleza umuhimu wa kukaza mkono. Niliporudi ukingo ulikuwa umekauka, na pale mistari miwili ilipopandana pakatokea ukanda mweusi. Nikausugua kwa tambara bichi, sehemu kubwa ikalainika, isipokuwa doa moja la ukubwa wa sahani, usawa wa kifua changu, ambalo halikukubali.

Hapo ndipo tumetundika saa. Kila mgeni anausifia ukuta kwanza, kisha anatazama saa, kisha ananitazama mimi. Wiki iliyopita shemeji naye alikuja, akakaa, akauliza mbona tumeiweka chini hivyo, mtu akitaka kujua saa ngapi apige magoti?