Siku tuliyomzuru Bibi Salme

Mwaka 2017 mwezi wa kumi nilikwenda Ujerumani, mara yangu ya kwanza kufika Ulaya, nikafikia kwa binamu yangu anaeishi Hamburg, na kabla sijaondoka bibi yetu wa Bububu, Unguja, alinipa agizo moja tu, hakutaka koti wala chokoleti, akanambia "mjukuu wangu, ukifika huko kamtazame Bibi Salme, yuko peke yake yule," yaani nilizuru kaburi la yule binti wa Sultani wetu wa zamani aliyezikwa Hamburg.

Kwanza tulipita Berlin siku mbili maana binamu alitaka nione makasri ya wafalme wao. Tukaingia Charlottenburg, walianza kulijenga 1695 kwa ajili ya Sophie Charlotte, aliyekuja kuwa malkia wao, na 1943 likapigwa mabomu likaungua, wakalijenga tena mpaka nakshi za dhahabu za ukutani. Kuna chumba kimoja kimejaa vyombo vya kauri vya China kuanzia chini mpaka darini, watu wanapiga picha, mie nimesimama tu nazikumbuka zidaka za nyumba za Mji Mkongwe na sahani zake, mawazo yakanipeleka Mtoni. Kasri la Mtoni ndiko alikozaliwa Salme 1844, bintie Seyyid Said, Sultani wa Unguja, na leo ni magofu, daladala zinapita karibu yake kila siku na wengi wetu hatugeuzi hata shingo. Wenzetu wamerudisha hata maua ya dari. Roho iliniuma kwakweli.

Tukarudi Hamburg, na Jumapili asubuhi tukapanda treni ya U1 mpaka Ohlsdorf. Nilidhani ni makaburi kama yetu tu, kumbe msitu mzima, karibu hekta 390, yapo tangu 1877, mabasi ya abiria yanapita humo ndani na vituo vyake, kuna mabwawa, kuna bata, watu wanaendesha baiskeli. Tukazunguka saa nzima na zaidi, ramani ya kwenye simu inatupoteza, mvua ya rasharasha, binamu akaanza kusema tuje siku nyengine, nikamwambia siku nyengine ipi na mie Alkhamis naondoka?

Mwisho tukaliona, kwenye sehemu ya ukoo wa mumewe, chini ya miti. Jina lililoandikwa ni Emily Ruete, ndilo jina lake la huko Ujerumani. Nikasimama hapo kama mtu aliyefika nyumba ya jamaa akakuta wamelala.

Aliondoka Unguja 1866 ana mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, mwaka wa pili akabatizwa Aden wakaoana, wakaja Hamburg, na 1870 mume akagongwa na tramu ya farasi akafa, akabaki na watoto watatu, lugha si yake, baridi si yake. 1885 alirudi Unguja kufuata urithi wake, kaka yake Seyyid Barghash, Sultani wakati huo, asitake hata kumuona, akarudi tena 1888, Barghash keshakufa, na bado akatoka mikono mitupu. Najua pia kwamba kwenye kitabu chake cha 1886 aliutetea utumwa, na hilo silifichi, upande wa baba yangu waliletwa Unguja kwa minyororo, kwahiyo nilipokuwa nasimama pale nilikuwa na yote mawili kifuani. Ila alipofariki, Jena, Februari 1924, walikuta kwenye vitu vyake kimfuko cha mchanga wa pwani ya Unguja wakamzika nacho. Habari hiyo nilishaisoma zamani, lakini kuisoma ni mbali na kusimama hatua mbili kutoka mchanga wenyewe. Machozi yalinitoka.

Binamu akaniuliza kwa sauti ndogo, "tumsomee Fatiha? Maana alibatizwa." Hilo la masheikh, mie sikuwa na jibu. Nikainua mikono, na yeye akainua, kila mtu akaomba lake kimya kimya, mvua inatunyea.

Usiku nikampigia bibi. Nikamuelezea miti, mabwawa, mabasi, akawa anaitikia tu ee, ee. Kisha akauliza, "umempelekea nini?"

Nikamwambia bibi sikupeleka kitu.

Akanyamaza. "Ungenambia mapema ningekuchumia asumini hapa uani, ukakausha ukaenda nazo."