Mpangaji wa kalio la kushoto

"Fundi, njoo usome hapa nyuma."

Mteja alikuwa mbele ya kioo, amejipinda shingo kama bata anayejichokoa manyoya, anahangaika kuuona mgongo wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nakunja futi, kichwani nimeshaigawa ile 15,000 yake iliyobaki: luku, uzi, mchicha. Nikasogea. Nikasoma. Kwenye kalio la kushoto, herufi kubwa nyeusi, nadhifu kabisa: MPANGAJI.

Kanga yenyewe ilikuwa imeandikwa MUNGU NDIYE MPANGAJI. Alipewa doti nzima na mama mkwe wake, akataka blauzi ndefu ya kuvalia suruali, mikono mirefu, pindo likae chini. Mshono mzuri tu, hauna shida. Lakini blauzi ikifika chini ya makalio na pindo likawa ndiyo mwisho wake, basi jina, ambalo siku zote hukaa juu kidogo ya pindo, litaangukia palepale unapojua. Hilo nililijua na nilimwambia. Akasema sawa, maneno yenyewe ni ya Mungu, hayana aibu.

Nisilolifikiria ni mikono. Kanga moja haifiki hata mita mbili kwa upana wake. Ukitaka kutoa kipande cha nyuma na mikono mirefu humohumo, unasukuma nyuma yote upande mmoja ili mikono ipate pa kukaa. Nikasukuma. Mkasi ukapita kati ya maneno bila hata kuuma. Nyuma ikaondoka na MPANGAJI, mkono wa kulia ukabaki na MUNGU NDIYE, pale juu ya kiganja. Maana yake ili usome sentensi nzima, ilibidi mama wa watu ashike kiuno.

"Dada," nikajaribu, "si sote ni wapangaji hapa mjini?"

"Nimepanga Tabata miaka sita, fundi. Mwenye nyumba ananijua. Hahitaji kusoma."

Nilifumua usiku uleule? Hapana, nisidanganye. Kitambaa kilikuwa kimeisha, cha kufumua kingebadilishwa na nini? Nilichukua kipande kilichobaki cha mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, nikakata mfuko, nikaubandika juu ya neno lote, na ili usionekane kama kiraka nikaupiga uzi mara mbili kwa rangi ya chungwa. Mfuko mkubwa wa nyuma, upande mmoja tu, kwenye blauzi. Sikuwahi kuuona popote. Akaivaa kwa mama mkwe, akapiga picha, akaweka status. Wiki mbili baadaye wakaja wanawake wawili ofisini wanataka "ule mshono wa mfuko wa nyuma".

Ofisi yangu ni chumba kimoja Sinza, mlango unatazama barabara ya vumbi na muuza chipsi. Nje kuna kibao: FUNDI NGUO ZA KIKE. Instagram nimejiandika "mbunifu wa mavazi". Kibao ndicho kinacholipa kodi ya chumba. Wanaokuja kupitia kibao hulipa nusu kabla, wakiniita fundi, na wakichelewa kuchukua nguo wanaomba radhi. Wanaokuja kupitia Instagram huniita "mbunifu wetu" na mara nyingi sentensi inayofuata ina neno "udhamini". Niliwahi kushona mavazi manane kwa onyesho moja lililofanyika hotelini, hapa hapa Dar, malipo yakiwa kwamba nitajulikana. Nilijulikana kwa mlinzi wa geti, maana nilirudi mara tatu kudai hata nauli.

Sisemi majukwaa hayana faida. Swahili Fashion Week, ambayo Mustafa Hassanali aliianzisha mwaka 2008, imewafanya watu wa mji huu waanze kutaja nguo kwa jina la aliyeibuni, jambo ambalo Babu aliyenifundisha kazi lingemchekesha. Mwaka mmoja niliingia nyuma ya jukwaa lake, kazi yangu ikiwa kupiga lipizi kwa mkono kwa ajili ya rafiki aliyekuwa anaonyesha. Giza, joto, wanamitindo warefu wamesimama kwenye viatu kama korongo, na mimi nimepiga magoti chini na sindano mdomoni. Yule binti niliyemshonea alipanda jukwaani sekunde tatu baada ya mimi kukata uzi. Nilisikia makofi tu, sikuona kitu. Nililala kwa furaha siku ile.

Babu alikuwa na cherehani yake Kariakoo, barazani Mtaa wa Sikukuu, Singer nyeusi ya miguu iliyochubuka maandishi ya dhahabu. Nilikwenda kwake 2011 nikiwa sijui hata kuvisha uzi. Hakuwa na daftari. Kila mteja alikuwa na utepe wake, uliochanwa kutoka kwenye kanga kuukuu, na Babu alipima kwa utepe huo akiukata vikato vidogo kwa ncha ya mkasi: kimoja bega, viwili kifua, vitatu kiuno, kato la mshazari nyonga. Tepe zilining'inia kwenye msumari kama samaki wakavu. Mteja akirudi baada ya miaka mitatu amenenepa, Babu anatoa utepe wake wa zamani, anauzungushia kiunoni, unakomea njiani, na wote wawili wananyamaza kwa heshima. Kisha anauchana mpya.

Mimi natumia daftari na simu. Lakini tepe zake kumi na kitu ninazo, nilipewa alipofariki, na sijui ni za viuno vya nani.

Kwenda Kariakoo bado nakwenda, Jumanne na Ijumaa, mwendokasi kutoka Shekilango hadi Gerezani kabla ya saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa na hasira. Vitenge natafuta Mtaa wa Uhuru, zipu na vifungo na bitana nazungukia vichochoroni, Mtaa wa Congo nikipita nabana pochi kwapani. Muuza kitenge mzuri hakuambii bei kwanza. Anakifungua chote kwa mpigo mmoja, kinapiga hewani kama tanga, kinatua juu ya vingine, na anakutazama uso. Ukishatabasamu umekwisha. Nimejifunza kununa.

Na usinunue kwa kutazama peke yake. Shika pembe, kunja, finya kwa kidole gumba halafu achia. Kikibaki na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa, weka chini. Kigeuze nyuma: rangi iliyopita hadi upande wa pili itavumilia jua la Dar, iliyokaa upande mmoja tu itakuaibisha kwenye kufua kwa pili. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye mate. Ndiyo, mate. Muuzaji akikasirika, jibu umeshalipata.

Hayo yote nayajua na bado yalinikuta.

Sendoff, sare thelathini na nane, kitenge cha bluu ya bahari chenye mizunguko ya njano. Kamati ilinipa fedha nikanunue mwenyewe. Nilipiga hesabu yangu, nikanunua, nikakata, nikafika sare ya thelathini na moja kitambaa kikaisha, kwa sababu nilihesabu watu na sikuhesabu miili. (Upande wa baba wa binti ni watu wa afya, tuseme hivyo.) Nikarudi Uhuru duka lilelile, kitenge kilekile, namba ileile pembeni. Kijana akakata, nikakunja, nikapanda gari. Kufika ofisini nimetandaza juu ya meza kando ya vile vya kwanza, moyo ukanishuka hadi kwenye kanyagio la cherehani. Bluu haikuwa bluu ileile. Mzigo mwingine, kiwanda kilichapa siku nyingine, rangi ikaiva kidogo zaidi. Dukani chini ya taa huoni. Mchana unaona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Siku nne zimebaki. Duka lina ule mzigo mpya tu. Nilikaa chini nikala chapati mbili bila chai.

Halafu nikampigia simu mama mwenye shughuli. "Mama shikamoo. Samahani, nilikuwa nauliza, mashangazi ni wangapi?"

"Marahaba mwanangu. Mashangazi? Saba."

Saba! Nikasema nimewaza kitu: mashangazi wasivae sawa na watu wote, wapewe bluu yao iliyokolea, ukumbini waonekane wametengwa kwa heshima yao. Kimya. Nikasikia anamwambia mtu pembeni. Kisha akarudi kwenye simu akacheka: "Wewe mtoto ni mbunifu kweli." Mashangazi waliingia ukumbini wametangulia, vidole juu, wanacheza kama mji ni wao, na mmoja alinitunza 10,000 nikaibandika ukutani, nikaitumia Jumatatu.

Mishono yenyewe mingi haizaliwi hapa, tusidanganyane. Mteja anakuja na simu. Picha ni ya harusi ya Lagos, mabega puto, kiuno cha nyigu, mkia wa samaki, kitambaa cha lesi ghali kilichosimama chenyewe. Mfukoni ana kitenge cha yadi sita na amebeba mtoto. "Kama hii, fundi, ila mikono iwe mifupi, na isibane, na nikae chini." Ukishatoa mikono, ukaondoa kubana, na ukamwezesha kukaa chini na kunyonyesha, Lagos imeshaondoka. Kilichobaki ni kitu cha Sinza, na mara nyingine ni kizuri kuliko picha. Hapo ndipo kazi yangu ilipo, kama kazi yangu ina mahali.

Kwetu ni Maswa, siku hizi mkoa wa Simiyu. Baba analima pamba. Hapa Dar mtu akivaa akapendeza tunasema kapigilia pamba, na baba alipokuja kunitembelea akasikia vijana nje wanamsifu mwenzao, "oya, pamba hizo!", akatoka kuangalia. Aliona suruali ya mtumba. Nilimweleza maana, akatingisha kichwa muda mrefu. Pamba yake anaiuza kwa kilo, inachambuliwa mbegu, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inapanda meli ikiwa bado nyuzi hazijasokotwa. Mimi mwanawe nakwenda Kariakoo kununua kitambaa kilichoshuka kutoka melini. Kuna siku tulipita Ubungo nikamwonyesha kiwanda cha Urafiki. Anakijua kwa jina, nani wa rika lake hakijui? Kilifunguliwa 1968 kwa mkopo wa Wachina, miaka ya 1990 kikawa ubia, Wachina asilimia 51. Mama bado ana kanga yake ya Urafiki, imekuwa laini kama ngozi ya mtoto, haijachuja. Baba alitazama ukuta hadi gari likapita taa.

Mtumba siusemi vibaya. Soko la Karume nakwenda alfajiri mabelo yanapofunguliwa, nanunua mashati makubwa ya kiume ya pamba tupu, nafumua, natengeneza gauni za watoto. Vifungo vyake tu vina thamani ya nauli. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia mtumba uishe kufikia 2019. Wamarekani wakatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wao wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie kwao bila ushuru, nchi yetu ikalegeza, Rwanda ikagoma na 2018 ikasimamishwa unafuu wa nguo. Mafundi tulibishana sana wakati ule. Mwenzangu wa chumba cha pili alisema mtumba ukifa tutatajirika. Nilimuuliza bitana ya koti alilokuwa anashona aliitoa wapi. Aliitoa Karume.

Karume yenyewe iliungua Januari 2022. Nilikwenda siku ya tatu, harufu ya nailoni iliyoungua inakwama kooni, na tayari watu walikuwa wametandika maturubai juu ya majivu wanapanga mashati.

Juzi yule dada wa Tabata amerudi. Hana kinyongo, tena ananiita "mama mfuko". Kaleta kanga kutoka Mombasa, iliyonunuliwa Biashara Street kwenye duka la Kaderdina Hajee Essak, lililopo tangu 1887, na pembeni imechapwa kwa maandishi madogo MALI YA ABDULLA, alama ya duka hilo. Kitambaa kimeshiba. Wengi husema Kaderdina ndiye aliyeanza kuchapa majina kwenye kanga, kwa hiyo shida zangu nazo zimetoka kwake. Dada anataka gauni, na anataka hata yale maandishi madogo ya pembeni yaonekane, watu wajue si ya kuiga. Mimi siku zote huyaficha kwenye lipizi. Tumevutana, tumekubaliana yakae ndani ya mkono, akikunja yaonekane.

"Jina je?" nikauliza.

"Mgongoni. Juu. Mbali kabisa na kule."

Kanga iko mezani sasa hivi ninapoandika. Nimeikunja kati, nimeweka pini pembe nne, nimechora kwa chaki mahali pa shingo. Jina lina maneno matatu. Nimeyahesabu mara nne, na mkasi bado uko kwenye droo.